Kitenzi Kinachopimika

Kwenye warsha ya Arusha, ukumbi wa kukodi pale Sakina,
tulikatazwa kitenzi *kuelewa*.
Mwezeshaji alikiandika ubaoni, akakikata kwa wino mwekundu:
"Hakipimiki. Nani amewahi kumwona mtu akielewa?"
Tukacheka, tukatafuna sambusa,
tukagawiwa vitenzi halali: kutaja, kueleza,
kuorodhesha, kubainisha.
Nikarudi navyo Moshi kwenye bahasha ya kaki
kama mbegu za msimu.

Ndipo Tokeo la Tatu, Saikolojia ya Unasihi, muhula wa pili,
likasomeka hivi:
*Mwanafunzi aweze kutaja na kueleza stadi tano za kusikiliza.*
Niliandika mwenyewe. Nililionea fahari.

Leo Jumapili, nyumbani Pasua,
umeme umekatika toka saa saba,
karatasi sitini na mbili juu ya meza ya chakula,
mwongozo wa kusahihisha umekandamizwa na kopo la chumvi.

Swali la nne.
Aikaruwa Mmasi kazitaja zote tano,
kwa mpangilio wangu, kwa mifano yangu;
hata lile kosa langu la ubaoni la mwezi wa tatu
kalinakili kwa mwandiko mzuri.
Kumi kwa kumi.
Ni sahani niliyompelekea jirani:
imerudi imeoshwa, inang'aa,
haina hata ndizi moja ndani.

Halafu Ndelilio Nnko,
mlinzi wa usiku kwenye duka la mabati Kiboriloni,
yule anayesinzia kipindi cha kwanza, kofia juu ya daftari.
Nusu ukurasa:

*Mwalimu, kwenye mazoezi ya vitendo nilipangiwa wodi.
Palikuwa na mama, mtoto wake hakufikisha siku mbili.
Nilisahau stadi zote. Nikakaa kwenye benchi.
Dakika arobaini; saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu.
Kisha akasema, nishikie khanga hii nijifunge vizuri.
Nikaishika. Akaanza kusema.
Aliyoyasema siyaandiki, ulitufundisha siri.*

Mwongozo unasema:
ukimya, alama moja kwa kuutaja, moja kwa kuueleza.
Hakuutaja.
Alikaa ndani yake.

Nikaandika moja. Nikafuta.
Nikaandika saba, mkono ukawa mwepesi,
nikamkumbuka mhakiki anayekuja Alhamisi,
nikamkumbuka na Aikaruwa, ambaye hana kosa:
alijibu nilichouliza.
Nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka,
na kupitia tundu lile
nikaona kitambaa cha meza yangu, maua yake yamepauka.

Nimempa mbili.
Usinitazame hivyo. Mbili.

Ila kwenye fomu ya tathmini, kipengele cha saba, *Mapendekezo*,
nilijaza kwa herufi kubwa:
MWANAFUNZI AWEZE KUNYAMAZA KARIBU NA MFIWA
BILA KUGUSA SIMU.
Fomu ikapanda Ofisi ya Taaluma,
ikashuka Jumatano na mstari mmoja pembeni:
"Kitenzi hakipimiki. Rekebisha."
Nikajibu chini yake:
"Dakika arobaini. Saa ilikuwa ukutani."
Mpaka leo hawajasema kitu,
na ukimya wao sijui niupe ngapi.

Matokeo yalipobandikwa
Ndelilio alikuwa amekosa kwa alama nne. Atarudia mwezi wa nane.
Alikuja ofisini akiwa ametoka lindoni,
kofia mkononi, tope la Kiboriloni kwenye viatu,
akauliza, kwa adabu, amekosea wapi.
Nikamfungulia mwongozo.
Nikamsomea vipengele, cha kwanza hadi cha tano,
nikamweleza kutaja ni nini, kueleza ni nini,
nikamweleza na ya mhakiki, na ya Dodoma, na ya rula.
Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.
Kisha akaendelea kusikiliza.